Klarineti ya Pete Mbili

Kwa wiki tatu baada ya kufunguliwa kwa gulio pale Dutwa sikupata usingizi wa maana, na swali lililoninyima lilikuwa moja tu: nilisahau, au nilijisahaulisha? Nikisema nilisahau, najiona mjinga. Nikisema nilijisahaulisha, najiona mtu mbaya. Nikawa nageukia ujinga, nageukia ubaya, na kitanda cha kamba kinalia chini yangu, hadi mama akauliza kutoka chumba cha pili kama nina kunguni.

Sikuwa na kunguni. Nilikuwa nimemchagulia mzee mmoja klarineti.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, na shahada ya sanaa ambayo ndani yake nilisomea muziki. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipokea barua kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa tujitafutie. Baba alikuwa na sentensi yake, na aliitoa kila alipopata mgeni: "Niliuza ng'ombe mtoto akasomee filimbi. Sasa ng'ombe hayupo, na filimbi hatuwezi kuikamua." Wageni walicheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa nafikiria kama kucheka kwangu kulikuwa kukubali.

Jirani yetu alikuwa mzee ambaye zamani alipiga klarineti katika bendi ya ushirika wa pamba. Nilimwita babu, naye kwa utani wa babu na mjukuu akaniita mke wangu, na mama akawa mkwe wake, tangu sijaota meno ya pili. Ndiye aliyeniwekea klarineti mikononi kwa mara ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa mifupi haifiki chini, basi yeye aliziba matundu ya chini, mimi ya juu, na tukapuliza wimbo mmoja watu wawili, mdomo ukiwa wangu. Baadaye sekondari nikakuta klarineti za aina nyingine, zenye vitufe vingi zaidi, na mwalimu akanifundisha vidole upya. Vidole vya babu nikaviacha. Au nilidhani nimeviacha.

Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na ushirika ukafilisika. Makarani wakaja kuorodhesha mali: meza, mizani, baiskeli, matairi, na klarineti moja. Babu aliipeleka mwenyewe ghalani, ikiwa imefungwa kwenye shuka. Karani akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Babu alijua kuandika vizuri kuliko karani yule, lakini hakuulizwa, akaweka dole. Lori likaondoka na kila kitu, na hatukusikia tena mali ile ilikwenda wapi.

Tangu hapo akawa mkulima tu. Ila akipumzika shambani, akiwa ameegemea jembe, vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye mpini. Watu walidhani ni kutetemeka kwa uzee. Mimi nilijua ni nyimbo. Nilikuwa naweza kusimama njiani, nikatazama vidole, nikajua ni wimbo gani.

Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo linalonihukumu.

Msimu ule wa ununuzi ulipokaribia, tajiri mmoja wa pamba aliniita. Zamani alikuwa mpima mizani wa ushirika. Sasa alikuwa na malori yake. Pale Dutwa wanunuzi walikuwa watatu, kila mmoja na mizani yake, na mkulima akifika na baiskeli iliyobeba pamba alikuwa huru kuchagua. Tajiri alitaka muziki kwenye gulio lake ili mkulima achague vizuri.

"Binti msomi," alisema, "wewe ndiye mtaalamu wa hizi filimbi?"

"Klarineti, ndiyo."

"Nataka mbili. Moja ya kijana wa shemeji yangu, amepiga bendi shuleni. Nyingine ya yule mzee wenu. Watu wanamkumbuka, wakimwona watadhani ni ushirika umefufuka." Akacheka. "Lakini zifanane. Sitaki moja jogoo na nyingine kifaranga. Zing'ae. Nikiletewa kitu kizeekizee nitajua umenila hela."

Nilisema sawa. Nilipotoka nikajiuliza kama "sawa" yangu ilikuwa ya woga.

Jioni ile nilikwenda kwa babu kumpa habari. Alikuwa anatengeneza uzio wa zizi.

"Mwangaluka, guku," nilimsalimu babu kwa Kisukuma.

"Hii ni jioni, mke wangu. Dar imekuharibu hata salamu." Akanisikiliza hadi mwisho bila kuacha kufunga miiba. Nikamwuliza anataka klarineti ya namna gani. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari: ridi laini au ngumu, mdomo wa klarineti mpana au mwembamba, anapenda sauti nzito au nyepesi. Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema chini ya mdomo. Ikiwa ngumu kuliko pumzi ya mtu, atapuliza hadi macho yatoke.

Alininyooshea viganja vyote viwili, vikiwa na mikwaruzo ya miiba, akasema, "Mikono yangu unaijua."

Nikafunga daftari. Nilifurahi sana kwa maneno yale. Nilipanda basi la Mwanza kesho yake nikiwa bado nayafurahia, na katikati ya furaha ile sikuyatafakari. Mimi ninayetafakari hadi namna mtu alivyokohoa.

Duka lilikuwa nyuma ya soko la mitumba. Mwenye duka alipokea marobota ya nguo kutoka ng'ambo, na siku hizo ndani ya makontena vilikuja vitu vingine: viatu vya kutelezea kwenye barafu, taipureta, ala za muziki. Klarineti alikuwa nazo sita. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, na yule bwana akachoka nami hadi akaniachia kiti chake akaenda kula.

Ninajua kuchagua klarineti. Hili nalisema bila aibu, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa. Kwanza nilivitenganisha vipande nikavitazama kwenye mwanga wa mlango, nikitafuta ufa. Ufa wa mbao huanzia juu, karibu na mdomo, kwenye unyevu wa mate. Kisha nikaziba matundu yote ya kipande kimoja kwa vidole, nikaziba mwisho wa chini kwa kiganja, nikavuta hewa kwa mdomo. Kipande kizima hukunyonya ulimi. Kinachovuja kinakupa upepo. Kisha karatasi ya sigara chini ya kila kipedi, kile kizibo laini kinachokaa chini ya kitufe: ukifunga kitufe na kuvuta karatasi, inatakiwa igome kidogo. Isipogoma, hapo ndipo sauti itakapopotelea. Mwisho nikapuliza, si wimbo, bali noti moja ya chini ndefu, na kuvuka kutoka sauti za chini kwenda za juu, polepole, mara nyingi, kwa sababu klarineti mbaya huumbukia kwenye kivuko.

Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu alikuwa naye ameniagiza moja. Hiyo nilichagua bila taabu. Kanisani ni ndani, kuna kivuli, mpigaji ni mama mwenye pumzi fupi na masikio mazuri. Nikampa ya mpingo, yenye sauti ya asali, na ridi laini. Mti wenyewe ni wetu, uliondoka nchini gogo na umerudi na vitufe. Nilimwandikia mwalimu asiitoe nje juani, maana jua la Bariadi mwezi wa saba linapasua hata mpini wa shoka. Ile klarineti, nijuavyo, ilidumu. Kwa gulio nilitaka ya plastiki ngumu, isiyojali jua wala vumbi la pamba, na ya sauti kali inayofika mbali. Nilipata mbili karibu sawa, nyeusi, vitufe vinang'aa kama vijiko vya harusi. Tajiri angefurahi.

Ya sita ilikuwa imelala peke yake ndani ya kasha lililotafunwa pembe. Ilikuwa ya zamani, vitufe vichache, na kwenye kipande cha chini ilikuwa na pete mbili tu za chuma kuzunguka matundu, mahali ambapo hizi mpya zina tatu. Niliishika. Vidole vya mkono wa kulia vikajipanga vyenyewe, bila mimi kuviambia, vikakaa vile vilivyokaa vidole vya babu nilipokuwa mtoto, yeye akiziba matundu ya chini. Nilijua ni ya aina gani. Nilijua nimeiona wapi.

Nikairudisha kwenye kasha.

Nilijiambia vipedi vyake viwili vimeliwa na nondo. Nilijiambia tajiri atasema nimemla hela. Nilijiambia babu ni mtu mwenye kipaji, na mwenye kipaji hujifunza. Wiki tatu zinamtosha. Nadhani pia nilijiambia kwamba itakuwa vizuri kuingia Bariadi na vitu vipya, watu wakaona shahada imeleta nini. Lakini hilo la mwisho sikulisema kwa maneno. Lilipita tu, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba.

Kati ya zile mbili za plastiki, iliyokuwa bora kidogo nilimpa babu. Kwa muda mrefu nilishikilia jambo hilo kama utetezi wangu.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akahesabu pete kwa ukucha: moja, mbili, tatu. Akaweka vidole, akaviondoa.

"Vitufe vingi," alisema. "Kama koti la polisi wa mkoloni."

"Ni rahisi, guku. Noti uliyokuwa ukiitoa kwa kidole cha shahada, hapa inatoka kwa cha kati. Hiyo tu. Na hii hapa. Na hii."

"Hiyo tu," alisema.

Nikamchorea karatasi. Nilikesha nayo siku mbili: matundu kwa wino mweusi, vidole kwa mwekundu, vitufe vya pembeni kwa kijani, na maelezo chini kwa bluu. Ilikuwa kazi nzuri. Babu aliikunja mara nne akaiweka kwenye mfuko wa shati, na sikumwona akiikunjua. Kila nilipomwuliza anaendeleaje alijibu, "Tunazoeana. Hata wewe mke wangu nilikuzoea." Jioni nilisikia sauti kutoka upande wa kwake, noti za chini nzuri, kisha ukimya mahali pa kuvuka, kisha zile zile za chini tena. Nilisikia. Niliita ukimya ule kupumzika.

Siku ya gulio watu walianza kufika na umande. Baiskeli zenye mizigo ya pamba mirefu kuliko waendeshaji, mikokoteni ya ng'ombe, akina mama na majamvi. Wanunuzi wengine wawili walikuwa wametundika vitambaa; tajiri wetu alikuwa na spika, soda na wanamuziki wawili waliovaa mashati meupe yanayofanana. Kijana wa shemeji alisimama kulia kwa mizani. Babu kushoto. Alikuwa amekata nywele.

Walianza pamoja wimbo wa kupalilia, ule ambao hata mtoto wa mgongoni anaujua. Mistari miwili ilikwenda vizuri. Kwenye wa tatu wimbo unapanda, na pale kwenye kivuko kidole cha babu cha shahada kilikwenda kule kilikoenda miaka arobaini, na klarineti yangu nzuri, isiyovuja hata kipedi kimoja, ikapiga yowe.

Watu wakageuka. Babu akarudi chini, akapanda tena. Yowe tena.

"Fisi huyo!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Fungeni mbuzi!"

"Mzee, mkamue polepole, atakupiga teke!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, cha asubuhi, cha watu ambao hawajachoka. Na kwetu hakuna anayekatazwa kucheka pale. Kwenye ngoma za mashindano, makundi mawili yakikabiliana, watu huimba matusi ya kila namna, juu ya kilema cha mtu, juu ya mkewe, juu ya umaskini wake, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ameshindwa. Babu alijua hilo kuliko wote. Alitabasamu, akapuliza.

Kijana wa shemeji alikuwa hawezi kuendelea naye, akaacha. Tajiri akatoka kwenye kivuli cha lori. Nilikimbilia pale.

"Naomba wapige zamu kwa zamu," nilimwambia. "Au mzee apige zile za chini tu, kijana za juu. Naweza kuwapangia sasa hivi, dakika kumi."

"Dakika kumi pamba imeshakwenda kwa jirani." Akawatazama wale wawili, akatazama foleni, na nikaona wazo likimjia usoni kama mtu anayeonjeshwa nyama. Akachukua kipaza sauti. "Jamani! Tusigombane. Kijana akae ng'ambo ile, mzee akae hii. Kila mmoja apige lake, na ninyi mwende kwa anayewapendeza. Si ndiyo soko huria?"

Walishangilia. Kila mtu pale alielewa mara moja, kwa sababu ndivyo ngoma zetu zinavyoamuliwa. Hakuna hakimu. Makundi mawili hucheza mbali kidogo, na watu huhama kwa miguu yao. Anayebaki na wengi ndiye mshindi. Na kuna sheria nyingine, ambayo haiandikwi popote: anayekimbiwa haachi. Anapiga hadi mtazamaji wake wa mwisho aondoke. Kukunja ngoma huku mtu bado amesimama mbele yako ni kumtukana mtu huyo, na ni kujifukuza mwenyewe.

Walihama taratibu mwanzoni, wazee wakiona haya. Vijana hawakuona haya. Mmoja alitembea kinyumenyume, akamwinamia babu na kumpungia mkono kama anayepanda meli. Mwanamke mmoja akamwambia, "Usinune, baba. Nitakuja kwenye matanga yako." Babu akamwitikia kwa kichwa bila kutoa klarineti mdomoni. Alipiga za chini. Kila alipofika kwenye kivuko yowe lilitoka, na ng'ambo ile waliliitikia kwa mayowe yao, hadi likawa sehemu ya burudani, walikuwa wanalisubiri.

Wakabaki kumi. Wakabaki wanne. Wakabaki wawili, mzee na mjukuu wake waliokuwa wakimngoja mtu, na huyo mtu akaja.

Nikabaki mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nikiondoka, nimemkimbia mbele ya Dutwa nzima, mimi niliyemletea kitu hiki. Nikibaki, angalau ana mtu mmoja. Basi nikasimama wima, mikono imeshikana, nikamtazama kwa macho niliyoyakusudia yawe ya kumpa moyo. Babu alinitazama. Alipiga wimbo hadi mwisho, akanitazama, akaanza upya. Jasho lilikuwa limetoboa shati jeupe. Mdomo wake ulikuwa umeanza kulegea pembeni na hewa ikawa inatoka pamoja na mate. Ng'ambo walikuwa wameacha hata kusikiliza kwao. Walikuwa wanatutazama sisi.

"Msomi hajatosheka!" mtu alisema. "Mzee, ongeza!"

"Mke amekatalia!"

Akaongeza. Alinitazama tena, na safari hii alifanya kitu kidogo kwa nyusi, kuziinua kuelekea barabarani. Nilidhani anataka nimwangalie mtu fulani. Niligeuka, nikaangalia barabara, sikuona mtu, nikamgeukia tena na kutabasamu.

Sijui alipiga mara ngapi. Ng'ombe wa mikokoteni walifunguliwa wakapelekwa kunywa maji, wakarudi. Mwishowe mama mmoja muuza uji alikuja akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba mimi ni mwanamke mkatili na huyo mzee atakufa pale. Akanivuta hatua tano. Nyuma yangu klarineti ikanyamaza papo hapo, katikati ya noti.

Nilimfuata njiani jioni. Alikuwa anatembea na klarineti kwenye kasha lake, ameishika mbali na mwili.

"Guku, nisamehe."

"Kwa lipi?" Hakusimama. "Filimbi nzuri ile. Haivuji."

"Nilitaka usibaki peke yako."

Alitembea kidogo. Kisha akasema, bila ukali wowote, na ingekuwa heri angesema kwa ukali, "Ungeondoka, mke wangu. Ungeondoka mapema."

Kesho yake aliirudisha kwa tajiri, imefutwa, ridi imekaushwa. Tajiri akampa shati lile jeupe abaki nalo. Kijana wa shemeji alipiga msimu mzima, na pamba ikaja. Mjini watoto walijifunza lile yowe. Babu akipita, mmoja angelitoa nyuma ya ukuta, na wakubwa wakajifanya wanakohoa. Baba akapata sentensi mpya kwa wageni wake, nayo sitaiandika hapa.

Nililala vibaya kama nilivyosema. Nilijitetea, nikajishtaki, nikajitetea kwa kushtaki. Halafu asubuhi moja nilikuwa natoka kisimani, nikapita kando ya shamba la babu. Alikuwa amepumzika, ameegemea jembe. Nilisimama kama nilivyozoea, nione ni wimbo gani.

Vidole vilikuwa vimeshika mpini tu. Vimeshika kama mtu yeyote anavyoshika jembe. Nilisubiri. Niliweka ndoo chini nikasubiri zaidi. Havikusogea.

Pale ndipo swali langu lilipoisha, bila kujibiwa. Niliona haidhuru kama nilisahau au nilijisahaulisha.

Nilikuwa na klarineti yangu mwenyewe, ya mpingo, niliyoachiwa chuoni na mwalimu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kitu pekee cha thamani nilichomiliki, na nilikuwa nategemea siku moja inipatie kazi Dar. Niliifunga, nikapanda basi la Mwanza. Njia nzima sikuwaza, jambo ambalo lilinishangaza hadi nikaanza kuliwaza.

Ile ya pete mbili ilikuwa bado pale, chini ya rundo la raketi. Mwenye duka aliichukua yangu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, kama nilivyofanya mimi. Alikuwa amejifunza kwa kunitazama.

"Hii ni nzima," alisema. "Dada, unaniachia mtamba unachukua mbuzi kikongwe? Hiyo hata haishiki karatasi."

"Vipedi viwili tu."

"Nani atakupigia hiyo? Wanaoijua wamekufa."

"Nipe na kasha lake," nilisema.

Bariadi, fundi viatu alinikatia vipedi viwili vya ngozi ya mwanambuzi, nikavibandika mwenyewe, nikavijaribu kwa karatasi ya sigara hadi vikagoma. Nikapuliza noti moja ya chini kujua kama inashika. Ilishika. Sikupuliza nyingine.

Babu nilimkuta uani anachambua mbegu za karanga. Nilisalimia. "Mhola," alijibu, basi, bila mke wangu. Nikaweka kasha mbele yake nikalifungua. Aliitazama bila kuigusa. Kisha akanyoosha ukucha: moja, mbili.

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwapo siku ile ile. Niliiona."

Sikuwa nimepanga kulisema. Nilikuwa nimepanga mengine mengi njiani.

Alichambua karanga kadhaa. "Uliiona," alisema.

"Niliiona, nikaishika, nikaiacha."

"Na ile yako?"

"Nimeiacha Mwanza."

"Sasa wewe utapiga nini?"

"Sipigi."

Alifuta mikono kwenye suruali, akachukua kipande cha chini peke yake, akakiweka kwenye mapaja. Mkono wa kulia ukakaa juu yake. Nilitaka sana kuona kama kidole cha shahada kitasogea. Nilikuwa nimetoa kila kitu nilichonacho ili nione hilo, na nilikuwa nimesimama vizuri kabisa, mbele yake, mtazamaji mmoja.

Akainua nyusi kuelekea barabarani.

Safari hii niliondoka. Nilipita langoni, nikapita zizi, nikapita shamba la pamba lililokwisha vunwa, nikitembea upesi kadiri nilivyoweza, ili niwe mbali asikoweza kuniona wala nisikoweza kusikia, kabla hajaipeleka mdomoni.